Mashine ya kulainisha maji, miezi kumi na moja baadaye: mbaazi zaiva, chumvi iko palepale

Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi hapa Bamburi, nje ya lango langu mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi meza iko tayari, na ikifika saa tatu sufuria imeshakwanguliwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi wanaonunua mashine hizi wanafikiria bafu na nguo. Mimi nilifikiria mbaazi. Basi hukumu yangu imetoka jikoni, na anayetaka habari za bwawa la kuogelea akamuulize mwenye bwawa.

Mbaazi zangu zilikuwa haziivi. Nazichambua alasiri, nazitia majini magharibi, zinalala humo, kisha saa tisa usiku naamka kuzibandika. Saa kumi na moja na nusu bado nazibonyeza kwa kidole na ganda linanikatalia. Nje zimelegea, ndani kuna kiini kama changarawe. Na mpishi yeyote wa pwani anajua tui haliwekwi juu ya mbaazi ngumu: ukishatia tui zito huna tena ruhusa ya kuchemsha kwa fujo, litakatika. Kwa hiyo nilikuwa nasimama pale, mahamri yamekwishaumuka, mteja wa kwanza (dereva wa tuktuk, haumwi na kitu ila njaa) anagonga lango, nami naomba Mungu.

Nilizilaumu mbaazi. Nikabadilisha muuzaji Kongowea mara tatu. Ni kweli kwamba mbaazi kongwe haziivi hata uzipikie nini, hilo silikatai, lakini nilikuja kuchukua kilo mbili za gunia moja, kilo moja nikampa dada yangu anayekaa Likoni katika nyumba inayotumia maji ya mvua. Zake ziliiva kwa saa moja na kidogo. Zangu saa mbili na nusu. Gunia ni lile, nazi ni ile, na sisi wawili tumefunzwa na mama mmoja.

Mamangu alipoambiwa alicheka. Zamani zake, alisema, mvua za mwaka zikianza walikuwa wanapanga masufuria chini ya mabati, na maji yale hayaguswi kwa kufulia wala kuoga. Ni ya mbaazi, maharagwe na chai. Mimi nilikulia nyumba hiyohiyo na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Magadi nilijaribu, mtaniuliza tu. Ukitia kijiko kidogo cha magadi, mbaazi zinaiva, tena haraka. Lakini zinarojeka, na wateja wangu wana ndimi. Mzee mmoja anayekula kwangu miaka sita aliweka kijiko chini akaniuliza, "Leo umetupikia mbaazi au umetufulia?" Nikaacha.

Sasa chanzo chenyewe. Maji ya mji, yale yatokayo Baricho kwenye mto Sabaki, hapa kwetu yakija mara moja kwa wiki nashukuru. Siku nyingine zote nategemea kisima cha uani, pampu, na tangi la juu. Na kisima hicho kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kama nyumba zote za ukanda huu. Ukitaka kujua maji ya Bamburi yana nini ndani, tazama kiwanda cha simiti kilichoko hapahapa tangu 1954: kilijengwa hapa kwa sababu chini yetu ni jiwe la chokaa tupu, matumbawe ya kale yaliyokuwa baharini. Machimbo yake ya zamani ndiyo yale yaliyopandwa mivinje kuanzia 1971 na leo watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama viboko na twiga, Haller Park. Mvua ikinyesha inashuka kupitia jiwe hilo, na kwa kuwa maji ya mvua yana ukali mdogo wa hewa ya kaboni, yanaliyeyusha jiwe taratibu na kushuka nalo kisimani. Hulioni. Maji ni meupe kama ya chupa. Lakini ukiyachemsha, hewa ile inatoka, na jiwe linarudi kuwa jiwe.

Linarudia wapi? Kwenye birika. Ukoko. Ukoko wa wali watoto wanaugombania, ukoko wa birika unaugombana nao wewe. Birika langu la umeme lilikuwa na ukoko mweupe unene wa kucha, ukilitikisa linalia kama kayamba. Babu yangu aliwahi kufanya kazi ya kuchoma chokaa kwenye tanuu, wanapanga matumbawe juu ya magogo, wanawasha, wanapata chokaa ya kujengea, aina ileile iliyounganisha kuta za Fort Jesus tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593. Mjukuu wake naye anatengeneza matumbawe ndani ya birika, kwa stima ya kulipia.

Hapa ndipo nilipopoteza pesa kwa mara ya kwanza, na kosa nusu ni la lugha yetu. Sisi tukiona sabuni haitoi povu tunasema "maji ya chumvi." Tukionja maji yana ladha ya bahari tunasema "maji ya chumvi." Tukiona ukoko tunasema "chumvi imeganda." Neno moja, mambo mawili tofauti kabisa: chumvi ya bahari, na lile jiwe lililoyeyuka majini, ambalo mafundi huliita ugumu wa maji. Kwa hiyo nilipoingia duka moja mjini nikasema nataka kitu cha kutoa chumvi, muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Alinitolea sumaku mbili zilizofungwa kwenye plastiki ya buluu.

"Unazifunga kwenye bomba, mama. Chumvi yapita hapa, yavunjwavunjwa."

"Yaenda wapi ikishavunjwa?"

"Yaondoka."

Shilingi 4,500. Nilizifunga nje ya bomba la jikoni, nikasugua birika kwa siki hadi likang'aa ili nianze hesabu upya, nikasubiri. Baada ya wiki mbili chini ya birika kulikuwa na utando mweupe. Baada ya miezi miwili kayamba ilikuwa imerudi. Mbaazi hazikuona tofauti yoyote. Nilirudi dukani, nikaambiwa nisubiri miezi sita bomba "lizoee." Sumaku hizo leo zinashikilia orodha ya wateja wa mkopo kwenye mlango wa friji, na kazi hiyo zinaifanya vizuri, sizisingizii.

Kisha nikanunua vichujio vitatu vya kuning'inia chini ya sinki, kimoja kina makaa. Vilichukua mchanga na harufu. Ukoko uleule. Nisiwachoshe.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi ya mitambo kwenye hoteli za ufuoni zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu. Alikuja kurekebisha shawa yangu ya moto, ya tatu kuungua. Aliifungua, akanionyesha waya wa ndani umevaa koti la jiwe, akasema joto halipiti kwenye jiwe hilo kwenda majini, kwa hiyo waya unajipika wenyewe hadi ukatike.

"Umeshapima maji yako?"

Nikamwambia sijapima, najua tu ni ya chumvi.

"Chumvi ipi, bi mkubwa?"

Nikanyamaza. Akaomba chupa mbili tupu na kipande cha sabuni ya mche. Akaenda kwenye pikipiki yake akarudi na chupa ya tatu, ya maji aliyoyachota kwenye nyumba ya mteja mwenye mashine ya kulainisha, kisima chake kama changu. Akamimina maji yangu kwenye chupa moja, yale ya mteja kwenye nyingine, akapara sabuni sawasawa kwa kisu, akafunika, akanipa nitikise mimi mwenyewe. Chupa yangu iligeuka kama maziwa yaliyokatika, madonge yanaelea, povu hakuna. Ile nyingine ilijaa povu hadi shingoni.

Kisha akanipa nionje maji ya mteja yasiyotiwa sabuni. Yalikuwa na chumvi. Kama yangu, labda kuzidi.

"Umeona? Mashine imetoa ugumu. Chumvi haikuigusa. Ukitaka kutoa na ladha ya bahari, hiyo ni mashine nyingine, ya utando, inasukuma maji kwa nguvu na inamwaga mengine njiani. Bei yake nyingine. Mimi sikuuzii leo kitu. Amua kwanza unaumwa wapi."

Kwa maneno hayo ndipo nilipoamua nitampa kazi yeye.

Alikuwa pia na vikaratasi vya kupimia. Unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi na ubavu wa kopo. Cha kwangu kilikwenda hadi rangi ya mwisho kabisa, 425, yaani miligramu 425 kwa lita, na ikifika hapo karatasi haiwezi kukwambia kama ni zaidi. Kwa kulinganisha, maji yakipita 180 huitwa magumu sana. Nilimuuliza kama tunakunywa sumu. Akasema ugumu si ugonjwa, hata Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo cha kiafya. Ni hasara ya sabuni, moto na vyombo.

Mashine yenyewe nitaieleza jinsi ilivyosimama uani. Kuna mtungi mrefu wa kijivu unaonifika kifuani, ndani yake lita 25 za rezini. Rezini ni chembe ndogo za rangi ya asali, ukizishika mkononi utadhani mayai ya samaki. Juu yake kuna kichwa chenye saa na vali. Pembeni kuna pipa la chumvi lenye mfuniko. Kabla ya yote kuna kichujio cha uzi cha kuzuia mchanga wa kisima, ambacho kilikuwa cheupe siku ya kwanza na kufikia wiki ya tatu kilikuwa rangi ya chai ya rangi.

Inavyofanya kazi, fundi alinieleza kwa matatu. Kila chembe ya rezini ni matatu iliyojaa abiria wembamba, sodiamu. Maji magumu yakipita, anapanda kalsiamu, au magnesiamu, abiria mnene, na kila mmoja akikaa, wembamba wawili wanashuka. Maji yanatoka na wembamba, wanene wanabaki garini. Baada ya siku kadhaa matatu zote zimejaa wanene. Hapo mashine usiku inavuta maji ya chumvi kali kutoka kwenye pipa, inamwaga jeshi zima la wembamba, na kwa wingi wao wanawatoa wanene kwa nguvu. Wanene wanakwenda na maji machafu, gari linaanza safari upya. Mimi sikusoma kemia, lakini nililielewa hili mara moja kwa kuwa ndilo jambo linalotokea stendi ya Bamburi Mtambo kila jioni.

Bei: shilingi 68,000 pamoja na mabomba na kazi. Zilikuwa pesa za zamu yangu ya chama, zilizokusudiwa friji kubwa. Sikulala vizuri wiki ile.

Kufunga kulichukua siku moja na nusu. Fundi alisisitiza bomba la uani, la bustani na la choo lisipite kwenye mashine, kwa nini ulipie kulainisha maji ya choo? Na jikoni akaacha mfereji mmoja mdogo wa maji yasiyolainishwa. Huo umemhusu mamangu, nitafika.

Kwa hesabu yake, lita 25 za rezini na ugumu wa 425 zinatupa karibu lita 2,900 kabla ya kuhitaji kuoshwa. Sisi tunatumia kama lita 500 kwa siku kwa upande uliolainishwa, kupika, kuoga na kufua. Tukaiweka ijioshe kila baada ya siku tano, saa nane usiku. Kila kujiosha kunakula chumvi kilo tatu hivi na maji zaidi ya lita 150. Yaani gunia la kilo 25 linanifikisha wiki sita, likibana. Gunia la chumvi ya mawe nanunua shilingi 600. Hii ni chumvi yetu ya mashamba ya Gongoni, juu ya Malindi. Msitumie ile ya mezani, ya unga. Inaganda chini ya pipa kama simiti. Na hata hiyo ya mawe ina matope kidogo, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu ninamaliza chumvi, nainama ndani ya pipa na kata na kitambaa, natoa tope. Mgongo wangu haujaifurahia kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza. Mbaazi zilizolowekwa kwenye maji laini, zikabandikwa kwenye maji laini. Niliamka saa tisa kama kawaida kwa sababu sikuamini. Saa kumi na dakika kumi zilikuwa zimeiva, hadi katikati, ganda halijapasuka. Nilikaa kwenye kigoda jikoni sina la kufanya, kitu kisichowahi kunitokea tangu nianze biashara hii. Siku hizi naamka saa kumi na robo. Mwenye kuamka usiku kwa riziki anajua saa moja na robo ya usingizi ina thamani gani, na mimi kwa hiyo peke yake ningetoa nusu ya zile pesa.

Mtungi wangu wa gesi wa kilo 13 ulikuwa unaisha siku ya kumi na mbili. Sasa unafika ya kumi na saba, wakati mwingine kumi na nane. Mpige wenyewe hesabu, bei ya gesi haikai mahali pamoja.

Chai ni jambo nililokuwa silitarajii. Zamani chai yangu ya rangi ilikuwa na utando juu, unang'aa kama mafuta, na kikombe kinabaki na duara la kahawia lisilotoka ila kwa kusuguliwa na majivu. Nilidhani ni majani mabaya. Sasa chai imekuwa nyekundu, angavu, utando hakuna, na majani natia pungufu. Mamangu alikinyanyua kikombe kwenye mwanga akasema, "Hii ndiyo chai ya mvua."

Birika: mwezi wa kumi na moja huu, chini panang'aa. Nilimaliza ukoko wa zamani kwa siki na maji nusu kwa nusu, linachemka, linatoa povu, linaachwa usiku. Tangu hapo sijalisugua. Kwa wasio na pesa za mashine, hilo la siki lifanyeni kila wiki mbili na linatosha kabisa kwa birika. Ndimu nayo inafanya kazi, na ukwaju pia. Zote ni ukali unaolila jiwe, ndiyo maana bibi zetu walisugulia sinia za shaba kwa ukwaju. Vichwa vya mifereji vilivyoziba, funga mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha, asubuhi vinatema maji tena.

Nguo nitasema kidogo tu. Nafua kwa mkono, na sabuni ya mche iliyokuwa inaisha wiki sasa inakwenda karibu wiki mbili. Buibui zangu nyeusi zilikuwa zinapata rangi ya jivu kila zikifuliwa, nikidhani zinapauka. Kumbe ni yale madonge ya sabuni yanaganda kwenye uzi. Mbili zimerudi nyeusi. Ya tatu imepauka kweli.

Kuoga: hapa mtatofautiana. Maji laini hayakwambii sabuni imetoka. Unajimwagia, unajimwagia, ngozi bado inateleza kama samaki. Mume wangu alimaliza nusu tangi siku ya kwanza akitafuta kutakata, akatoka amekasirika. Tumezoea. Wageni hawazoei, shemeji alikaa siku tatu na kila siku aliuliza kama tumebadilisha sabuni.

Sasa mabaya.

La kwanza nimelisema kwenye kichwa cha habari na nalirudia kwa sababu nimeshaulizwa mara kumi: haitoi chumvi. Kisima changu kina ladha ya bahari kidogo, zaidi miezi ya kiangazi kila mtu anapopiga pampu, na ladha hiyo iko palepale. Maji ya kunywa bado nanunua mitungi ya lita ishirini. Ukiwa karibu zaidi na ufuo, kisima chako kikiwa cha chumvi kweli, usinunue mashine hii ukidhani utakunywa. Onja maji yako kwanza. Kama ulimi unalalamika, tatizo lako si hili, au si hili pekee.

La pili ni mamangu, ana presha na ameambiwa apunguze chumvi. Wale abiria wembamba wanaoshuka ni sodiamu, na kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazotolewa, maji yanaongezewa miligramu 46 za sodiamu kwa lita. Kwa ugumu wangu hiyo inakaribia 200. Fundi alinionyesha hesabu hiyo kabla hajachukua pesa, na ndiyo sababu ya ule mfereji mdogo. Chakula cha mama kinapikwa kwa maji ya mfereji huo au ya mtungi wa kununua. Mbaazi zake zinachelewa, anasubiri, anasema yeye hana haraka.

La tatu nimelifanya mwenyewe. Bomba la maji machafu ya kujiosha nililielekeza kwenye bustani, kwa uchoyo tu, nikaona lita 150 zinamwagwa bure. Nilikuwa na mpapai wa miaka miwili, unazaa. Ndani ya wiki tano majani yalijikunja kingo, yakawa ya kahawia, ukadondosha mapapai mabichi kama unatoa mimba. Yale ni maji ya chumvi kali, mti hauna pa kukimbilia. Fundi alipouona alivua kofia. Bomba sasa linakwenda kwenye shimo la maji machafu upande wa pili, na pale uliposimama mpapai mchicha umekataa kuota hadi mvua za mwaka zilipopita.

La nne ni huduma ya duka lililouza kichwa cha vali. Kilikuja na kijitabu cha lugha nisiyoijua, si Kiswahili, si Kiingereza. Nilipiga simu mara nne. Walinitumia picha ya kijitabu kilekile. Bila yule mzee ningekuwa na pambo la kijivu uani.

Nani asinunue? Mpangaji asinunue, labda mwenye nyumba akubali kulipa. Mwenye tangi kubwa la mvua asinunue. Maji ya mvua hayana ugumu, na ya dada yangu wa Likoni yameivisha mbaazi kuliko yangu kwa bei ya bure. Mwenye kupika sufuria moja ya maharagwe kwa wiki, achemshe maji kwanza, ayaache yatulie, amimine ya juu kwenye sufuria ya kupikia na aache mchanga mweupe chini. Nilifanya hivyo mwezi mzima nikipunguza karibu dakika arobaini za kupika. Kwangu gesi ya kuchemsha ililila lile nililookoa, lakini mwenye jiko la kuni hesabu yake nyingine.

Anayeuza chakula, anayefua nguo za watu, mwenye vyumba vya wageni vyenye shawa za moto, na kisima chake kimepimwa kikakutwa kigumu na si cha chumvi sana: nunua. Omba fundi atikise chupa mbele yako kwanza. Asiyetaka kutikisa, muage.

Nyota nne. Ya tano imechukuliwa na saa. Kichwa cha vali kinakumbuka muda kwa stima, na betri yake ndogo ilikufa mwezi wa nne. Stima ikipotea saa moja, saa inarudi nyuma saa moja, na kule kujiosha kwa saa nane usiku kunasogea. Jumanne iliyopita ilianza kujiosha saa kumi na moja alfajiri, mimi niko katikati ya kazi ya mahamri na mbaazi, mfereji ukaanza kunitolea maji magumu kwa saa moja na nusu bila taarifa. Niligundua kwa sabuni ya mikono: povu hakuna. Jana stima imepotea mara mbili, kwa hiyo nikimaliza kuandika hapa natoka uani na tochi kwenda kuisogeza.